Madhabahu Shingoni mwa Mtumishi

Siku Mtumishi Pitchou alipolipiga teke jiko la mama yangu, alikuwa amevaa viatu vya ngozi ya nyoka. Naanza na viatu kwa sababu ndivyo nilivyoviona mimi, nikiwa nimepiga magoti nikiokota makaa ya moto kabla hayajaunguza sakafu ya mwenye nyumba. Watu wa kanisa lake wakisimulia habari hii huanza na maombi. Mimi naanza na teke.

Mama yangu aliitwa Capitoline. Alikuwa Mrundi aliyeolewa Uvira, akafiwa na mume, akamfuata mtoto wake wa pekee mpaka hapa Rosettenville. Mtoto huyo ni mimi, Arlène, msusi. Mama alikuja na desturi moja ambayo hata Johannesburg haikuweza kumtoa: moto wa jikoni hauzimwi. Jioni, akishamaliza kupika kwenye mbabula, lile jiko letu dogo la makaa, aliyafukia makaa chini ya majivu. Asubuhi aliyafukua, akapuliza, moto ukaamka. Kwao, nyumba inayokwenda kuomba moto kwa jirani kila kukicha ni nyumba ya wavivu. Na hapa kwetu, ambako baridi ikija umeme nao unaaga, moto ule ulitufaa sana. Wapangaji wenzetu walikuja kuota, wakala mandazi yake, wakamwita mama wa wote.

Kisha Mtumishi akaota ndoto.

Pitchou alikuwa na kanisa katika lililokuwa duka la fanicha, upande wa Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Kila mganga na mkoba wake, na mkoba wa huyu ulikuwa madhabahu. Umefukuzwa kazi? Kuna mtu nyumbani kwenu amejenga madhabahu dhidi yako. Umenyimwa makaratasi ya ukimbizi? Madhabahu. Mume ana mwingine? Madhabahu tena. Alitufundisha na alama zake, tukaziimba kama watoto wa chekechea: madhabahu ina moto, ina walinzi wa kuutunza, na juu yake kuna nyota ya mtu iliyofungwa. Nilikuwa nikiitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Katika ndoto hiyo alimwona bibi kizee akilinda moto usiozima, na nyota za vijana wa kanisa zikiungua ndani yake. Akaja kwetu na waombezi wake, akaliona jiko, akaliona jivu, akamwona mama yangu na miaka yake. Nini tena? Teke likafuata.

Hakuna anayetangaza kwamba fulani ni mchawi. Utajua kwa sahani. Mama alipeleka mandazi kwa jirani, sahani ikarudi imejaa mandazi yale yale, imefunikwa vizuri, na asante juu yake. Akapeleka kwa mwingine, ikarudi imejaa. Watoto waliokuwa wakimrukia mapajani wakaanza kuvutwa mikono wakipita mlangoni. Katika kanisa zima ni mtu mmoja tu aliyeendelea kula mkononi mwa mama yangu, naye alikuwa Mama Orpha, mama mzazi wa Pitchou mwenyewe. Alikuja mchana kweupe, akanawa, akala ndagala, dagaa wa kwetu, na ugali, akalamba na vidole. Mwanawe akimkataza, alisema, “Pitchou, mimi nilikunyonyesha, hutanifundisha kula.”

Mama alikufa Julai, katikati ya baridi. Wanasema ni mapafu. Mimi nasema ni sahani. Mtumishi alitangaza madhabahuni, maana yeye naye ana yake, kwamba asiende mtu kwenye kilio kile. Hawakuja. Waombolezaji walikuwa wa kuhesabika, na aliyewapikia alikuwa Mama Orpha, kakaa na kitenge chake kimefungwa kiunoni, analia na kukoroga ugali kwa pamoja.

Hapo nikaapa. Sikutaka Pitchou afe, kufa ni kupumzika. Nilitaka sahani yake irudi imejaa. Nilitaka asimame mbele ya watu wale wale, anyooshe mkono wake kuwapa chakula, na asiwepo wa kupokea.

Kuapa ni rahisi, njia ndiyo kazi. Njia yangu niliikuta Malvern, barabara ya Jules, katika kiduka cha Papa Ameir, Mzanzibari anayetengeneza saa na kuuza vikorokoro vya kale. Nilimpelekea saa ya mama, imekatika mkanda. Wakati anahangaika nayo nikawa natazama kisanduku cha kioo. Ndani kulikuwa na sarafu moja ya fedha, pana na nyembamba kama ganda la kitunguu, imetobolewa ukingoni. Nikainama. Nikaona jiko.

“Papa Ameir,” nikasema, “hii ni nini? Mbona kuna mbabula?”

Akacheka mpaka miwani ikateleza. “Mbabula! Dada Arlène, Mfalme Khusrau akikusikia atafufuka. Hii dirhamu ya Waajemi, ya kabla Uislamu haujafika kwao. Itazame vizuri.”

Akaitoa, akanipa na kioo cha kukuzia. Upande mmoja mfalme, ndevu zimesukwa kuliko nywele za wateja wangu, taji lina mabawa, na juu ya taji mwezi mchanga umebeba nyota. Pembezoni tena, mwezi na nyota, mwezi na nyota. Upande wa pili ndio ule: nguzo imesimama katikati, juu yake ndimi za moto, na kushoto na kulia watu wawili wamesimama wima, wameshika silaha zao.

“Hilo si jiko, hiyo madhabahu ya moto,” akasema. “Dini yao ilikuwa hiyo. Kila mfalme akitawazwa anawashiwa moto wake, na moto huo hauzimwi maadamu yu hai. Wana makuhani wa kuutunza, mchana na usiku. Ndio majusi hao.”

“Majusi wa Biblia? Waliofuata nyota?”

“Watu wa dini hiyo hiyo, ndiyo. Ila sarafu hii ni ya baada yao sana. Nabii Isa alikuwa ameshaondoka duniani miaka mia sita.” Akaigeuza kwenye mwanga. “Kwetu Unguja kila mtu Mshirazi, hata paka. Kila mtu ana babu kutoka Uajemi. Lakini wakiiona hii wanasema audhubillahi.”

Mimi sikuwa nasikia tena. Nilikuwa nahesabu alama, zile tulizoimba: moto, walinzi, nyota. 

Nikamwambia naitaka. Akasema kwa vile imetobolewa wakusanyaji wa sarafu hawaitaki, basi tukaelewana: nilimsukia mkewe na binti zake wote kwa harusi ya ndugu yao, siku nzima, vidole vikafa ganzi. Alipokuwa akinifungia ile sarafu kwenye kitambaa akanitazama. “Unakwenda kuifanyia nini?”

“Nampelekea mchungaji zawadi.”

“Mchungaji? Eish. Na utamwambia ni nini?”

“Akiniuliza, nitamwambia.”

Papa Ameir akatikisa kichwa. “Basi mimi simo,” akasema, na akanipa saa yangu.

Sikumdanganya Pitchou hata neno moja, na hilo naliweka wazi. Nilikwenda nyumbani kwake siku ya Jumamosi, nimevaa kama mwenye toba, nikapiga magoti. Mama Orpha alikuwepo, anammiminia mwanawe chai. Nikasema, “Mtumishi, nimerudi. Nimeleta sadaka. Inatoka katika nchi ya Mamajusi.” Nikaufungua mkono.

Lo, macho yake! Alitoka kitini. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani, na kuanzia hapo sikuhitaji kusema lolote, maana mtu anayesikia sauti kila siku hana haja ya kuuliza.

“Nyota ya Mashariki!” akapaza sauti. “Ile! Ile! Na huu si mwezi, hili ni hori, hori la ng'ombe, nyota imeshukia juu ya hori!” Akaigeuza. “Yesu wangu. Yusufu, Mariamu, na katikati Mtoto, utukufu unawaka.”

Mama Orpha aliweka birika chini, akasogea, akakunja macho. “Pitchou, ulizia kwanza. Mimi naona kama moto, na hawa wako na mapanga.”

“Mama, mambo ya kiroho wewe hujui. Mimina chai.”

Akamimina chai. Alinitazama kidogo juu ya birika, sikujua kwa nini, nikainamisha kichwa.

Baada ya hapo sikufanya kazi yoyote, alijifanyia mwenyewe. Akaitia mkufu, akaivaa shingoni. Akaanzisha Ibada ya Nyota. Watu wakapanga foleni kutoka nje ya mlango mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, Wakongo, Warundi, hata Watanzania wawili watatu, kila mmoja akisubiri sarafu iguswe kwenye paji la uso wake ili nyota yake ifunguke. Kisha, na hapa nusura nimwamini Mungu upya, akaipiga picha, akaipeleka kwa wachapishaji, ikarudi bango zima la ukuta. Lile jiko la wafalme wa Uajemi, refu kuliko mtu, likawaka nyuma ya mimbari kila Jumapili, na walinzi wake wawili, na nyota yake kando ya ndimi za moto. Nilikaa mstari wa tatu nikilitazama. Nikamwambia mama moyoni: ona, mama, wamekujengea.

Nilisubiri Jumapili kubwa ya mwaka, ile ya Kubomoa Madhabahu. Asubuhi hiyo niliamka mapema nikapika kama mtu mwenye harusi: sombe ya majani ya muhogo, ndagala wa kukaanga, ugali nimeufunga kwenye kitambaa ukae moto. Niliwasha mbabula mpya. Nilijua ningerudi na njaa.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya spika. Pitchou alihubiri vizuri siku hiyo, sitamnyima haki yake. Aliimbisha zile alama. “Madhabahu ina nini?” Moto! “Ina nini?” Walinzi! “Na juu yake?” Nyota! Akauliza nani ana ushuhuda. Nikanyoosha mkono. Akanipa maikrofoni kwa furaha, kondoo aliyerudi zizini, mtoto wa Capitoline.

“Bwana asifiwe,” nikasema. “Mimi sina maneno mengi. Naomba tutazame ukuta, tujibu pamoja. Pale katikati, juu ya nguzo, ni nini kile kinachowaka?”

Vichwa vikageukia ukuta. Mtoto mmoja akasema, “Ni moto.”

“Na hawa wawili walioshika mapanga, wanafanya nini?”

Viti vikaanza kukwaruza sakafu.

“Na ile pale kando, juu?”

“Nyota,” akasema mwanamke mmoja mbele, na sauti yake ikapasuka, kwa kuwa Jumapili iliyopita paji lake la uso lilikuwa limeguswa.

Nikawaambia sarafu ile ni ya nani, ya mfalme gani, moto ule uliitwaje na makuhani wake walikuwa nani, na kwamba Yesu alikuwa amekwisha paa miaka mia sita ilipogongwa. Nikasema kila mtu ana simu, atafute. Wakatafuta. Niliona vichwa vikiinama safu kwa safu, na nyuso zikimulikwa na vioo, kisha zikiinuka, na zilipoinuka hazikuwa nyuso za waumini. Zilikuwa zile nyuso walizomtazama nazo mama yangu. Nilizitambua moja moja. Utamu niliousikia, sijawahi kuusikia katika chakula chochote.

Watu wakaanza kujifuta mapaji ya nyuso. Mmoja kwa kitambaa, mwingine kwa kiwiko, wengine kwa maji ya kunywa. “Ametufunga!” mtu akapiga kelele. “Ametuwekea mkono wa madhabahu!”

Pitchou alisimama, jasho linamtiririka, sarafu inaning'inia kwenye tai. Nilimwona akitafuta. Namjua, alikuwa anatafuta kile alichotafuta siku zote akikwama. Macho yake yakapita juu ya wanaume, yakapita juu ya vijana, yakanifikia mimi, yakasita. Angenitaja mimi, angekuwa amesema kweli. Lakini kunitaja mimi ni kukiri kwamba alidanganywa na msusi, yeye anayeona rohoni. Macho yakashuka mpaka kiti cha mbele, alipokaa bibi mmoja na kitenge cha buluu.

“Ni mama yangu,” akasema kwenye maikrofoni. “Bwana ananifunulia sasa hivi. Alitoka nayo nyumbani kwetu, kwa mababu. Alinivisha nikiwa nimelala. Ndiye aliyekula na mchawi, kila mtu aliona! Mama, toka na madhabahu yako!”

Kanisa likageuka lote kwa pamoja. Watu waliokaa karibu naye wakasogeza viti, nafasi ikabaki pande zote.

Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu. Neno lilikuwa moja tu: ni mimi. Na niliijua hesabu yake. Nikilisema, watasema mtoto wa mchawi kaleta uchawi, Mtumishi kaonewa, na Pitchou atatoka pale msafi na bango jipya. Nikinyamaza, amekwisha. Mtu anayemuuza mama yake hadharani amekwisha hata kama hajui. Nikanyamaza. Mama Orpha akageuza kichwa akanitazama, kama siku ile juu ya birika, na safari hii nikajua ni kwa nini. Bado nikanyamaza.

Akainuka polepole. Akamsogelea mwanawe mpaka akawa chini ya mimbari, kisha akapeleka mkono kwenye fundo la kitenge chake.

Wanawake wakapiga yowe. Kwetu, mama akifungua nguo yake mbele ya mtoto aliyemzaa, hiyo ni laana isiyo na dawa. Hakuna maombi yanayoirudisha, hakuna mchungaji anayeigusa. Pitchou alianguka magoti na suti yake. “Mama, hapana! Mama, nihurumie!”

Nami nilitaka afungue. Nasema wazi. Nilikodolea macho vile vidole nikiviombea nguvu.

Hakufungua. Alilikaza fundo.

“Pitchou,” akasema, na hakuhitaji maikrofoni, “siku ile kitu iliingia nyumbani, mimi nilikuwa wapi? Si nilikuwa namimina chai yako? Nilikuambia nini?”

Pitchou analia tu.

“Nilikuambia ulizia. Sasa sikia. Sikulaani, juu nilikuzaa na uchungu. Lakini tangu leo hautakula tena kwa mkono yangu. Na mimi sitakula kwa yako.”

Akachukua kikapu chake akatoka. Watu walimpisha, wengine wakiinamisha vichwa.

Sinia ya mkate ilikuwa tayari mezani, ule anaowagawia kwa mkono wake kila baada ya ibada. Pitchou, sijui ni mazoea au ni kuchanganyikiwa, aliinuka akaichukua, akashuka nayo, akawanyooshea waliokuwa mbele. Wakarudi nyuma. Akawanyooshea waliofuata. Walikwisha fika mlangoni. Sinia ilirudi mezani na kila kipande chake, na mimi nikaitazama mpaka nikashiba.

Nikatoka mbio. Mama Orpha nilimkuta kwenye robot, amesimama, taa ya kijani inawaka na yeye havuki. Nikampokea kikapu. Nikamwambia hana pa kwenda leo ila kwangu, na hakubisha. Njia nzima nilisema mimi: jinsi sahani za mama zilivyorudi, jinsi sinia ilivyorudi, jinsi Mungu alivyo na kumbukumbu. 

Nyumbani nilimkalisha kwenye kiti cha mama. Nikapakua ugali, bado moto, sombe pembeni, ndagala juu, kama alivyokuwa akipenda. Nikaleta birika la maji na beseni ili nimnawishe. Nikamimina. Maji yakaanguka kwenye beseni matupu, maana mikono yake ilikuwa imebaki mapajani.

“Ulikuwa na micro mkononi, mwanangu,” akasema.

“Mama, ningesema, angepona.”

“Najua. Ndiyo juu ya nini ulinyamaza.” Akatazama mbabula kwenye kona, makaa yakiwa mekundu. “Capitoline angesema.”

Nikaliweka birika chini. Kuhusu Pitchou sijuti hata chembe: kanisa limefungwa, duka limerudi kuuza makochi, na watu wakimwona njiani wanavuka upande wa pili. Nasikia anajipikia mwenyewe.

Mama Orpha aliinuka, akanishika shavu, mkono wake mkavu na wa joto. Akasema ana mtoto wa dada yake Malvern, Diane, atampokea. Nikamwambia ale kwanza, tonge moja tu, njia ni ndefu. Akasema asante, mwanangu, nimeshiba, na kitu hakikuwa kimeingia kinywani mwake tangu asubuhi. Nilimsindikiza mpaka getini. Kisha nikaingia ndani, nikafunika sahani yake, nikairudisha jikoni imejaa.